Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Ofisi ya UNESCO ya Kanda ya Afrika Mashariki, Nairobi

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Baada ya salamu, nakuandikia kutoka Mtongwe, Mombasa, ng'ambo ya Kilindini, ambako kazi yangu ni kuwaandikia wavuvi daftari la samaki wanaoshushwa. Nina ombi moja.

Ofisi yako ilifunguliwa Nairobi mwaka 1965 ili kuikuza sayansi barani Afrika. Mwaka huohuo ulimalizika ule msafara wa kimataifa ulioanza 1959, meli zaidi ya 40 zikiichunguza Bahari ya Hindi. Wa pili ulizinduliwa 2015. Maji haya yamezoea kupimwa. Majibu ndiyo hayafiki ufuoni.

Walikuja kwetu watafiti wa taasisi moja ya kigeni, jina silitaji. Walipima changu, tafi na pweza, wakauliza malema, yaani mitego ya samaki, hutegwa wapi wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na wapi maji yakiwa mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Wazee waliwajibu kila swali, hata yale ambayo mvuvi huwaficha wavuvi wenzake. Ripoti iliahidiwa. Hatujaiona, wala wao hatujawaona tena.

Ushirikiano wa sayansi ukimfikia mtu wa chini, faida yake tunaijua. Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ilipoanzia Sumatra, ilichukua saa kadhaa kuivuka bahari hadi huku. Habari ikatangulia mawimbi: polisi wakawatoa watu ufuoni hapa Mombasa, wavuvi wakaambiwa warudi. Kenya ilipoteza mtu mmoja. Somalia, ambako hapakuwa na wa kuwaonya watu, walikufa karibu 300. Siku ile hatukuokolewa na mtambo. Mfumo wa tahadhari wa Bahari ya Hindi ulijengwa baadaye, chini ya tume ya bahari ya UNESCO yenyewe. Kilichotuokoa ni kwamba aliyejua alimwambia aliyekuwa majini. Leo vipimo vya kujaa na kupwa kwa maji vya Mombasa na Lamu vimo katika mtandao wa dunia, lakini ukimuuliza nahodha wa dau vinasema nini, atakucheka.

Sheria ipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Kenya iliuridhia 1989, unamtaka anayefanya utafiti katika maji ya nchi nyingine aipe nchi hiyo ripoti, takwimu na sampuli, na aisaidie kuzifasiri akiombwa. Mwaka 2021 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo la sayansi huria, yaani matokeo ya utafiti yawe wazi kwa wote. Najua ofisi yako haitoi vibali. Hiyo ni kazi ya Serikali. Wala siwalaumu wenzetu wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, pale Mkomani, wanaotunza takwimu za bahari kwa bajeti ya kubana. (Hata meli yao, Mtafiti, ilitoka Ubelgiji, na tunashukuru.) Ila ninyi mnahudumia nchi 13 na mnakaa meza moja na wafadhili. Mkisema jambo, linasikika.

Basi ombi langu ni hili: kila mradi wa bahari unaopita mikononi mwenu utengewe fedha, tangu siku ya kwanza, za kurudisha matokeo bandarini kwa Kiswahili. Kurasa mbili zinatosha. Kisha mtafiti mwenyewe aje kuzisoma mbele ya wavuvi na kina mama karanga wanaokaanga na kuuza samaki, naye aulizwe maswali kama alivyotuuliza. Asiyerudi, asipewe fedha za awamu ya pili.

Muda mzuri ni Juni na Julai, kusi ikiwa kali, vyombo vidogo vimepandishwa na watu wanashona nyavu. Wakati wa kaskazi usitutafute, tuko majini. Nawe ukiamua kuja mwenyewe, tupe taarifa wiki moja mapema niwaite na wa Likoni, kwani wao wana malalamiko yao kuhusu utafiti wa matumbawe na hawajapata wa kumwambia.

Wako mwaminifu,
Mwandishi wa daftari, bandari ya samaki, Mtongwe