Salamu za Sikukuu kwa Wanakikundi: Tusisaini Tukiwa Tumesimama

Ndugu wanakikundi wa kikoba chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, wakubwa zangu shikamooni, wenzangu na wadogo zangu salaam. Kwa niaba ya uongozi, na kwa niaba yangu mweka hazina wenu, nawatakia Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya. Ndugu zetu Waislamu, sahani ya pilau haina dini, karibuni. Wanaokwenda kuhesabiwa Moshi, Mungu awafikishe salama na awarudishe na mkungu wa ndizi. Tunaobaki mjini tutawaangalizia nyumba. Baada ya salamu nina neno la udhamini wa mikopo, ndilo lililonipa kichwa cha barua hii.

Mwaka haukuwa mwepesi. Vyuma vilikaza, na dalili zilionekana kwenye vitabu kabla mtu hajafungua mdomo: aliyezoea kununua hisa tano kila Jumamosi akashuka kwenye tatu, wa tatu akashuka kwenye moja, na faini za kuchelewa marejesho zikaongezeka. Mafuta ya kula yalipanda, mtungi wa gesi ukapanda, nauli nayo ikafuata. Hata hivyo hakuna aliyekimbia na deni. Tumefunga mwaka na shilingi 14,400,000 dhidi ya hisa 2,400. Gawanya, kila hisa iliyonunuliwa kwa 5,000 inarudi kama 6,000. Mungu ashukuriwe.

Tumefunga pia tukiwa 24, si 25. Mama yetu aliyeshika ufunguo wa pili wa sanduku la fedha za kikundi alitutoka Agosti, baada ya kuugua siku chache tu. Rambirambi ya mfuko wa jamii ilitoka siku ileile kama katiba inavyosema, na wote mlifika msibani, kwa hiyo la msiba siongezi. Ninalotaka kulisema ni la kaunta buku aliyoiacha chini ya godoro. Mstari umechorwa katikati ya kila ukurasa. Kushoto kaandika anaowadai, kulia wanaomdai, tarehe na kiasi. Ukurasa wa mwisho kaandika neno moja, DHAMANA, na chini yake mkopo mmoja aliousainia nje ya kikundi, jina la aliyekopa, laki tatu, marejesho yanaisha Novemba. Tulipoanua tanga watoto walikaa na ile buku, wakaita mmoja mmoja, na ndani ya saa mbili hesabu ya marehemu ikawa imekwisha bila mtu kupandisha sauti. Upande wa kushoto, mstari wa nne, nilikuwemo mimi: laki na nusu, sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata nyumbani kwangu. Nimeshamlipa mwanawe wa kwanza. Lakini mwandiko ule naukumbuka kila ninapofungua sanduku.

Sasa tuseme ya gawio, maana kikoba kikishavunjwa hela huwa haina adabu. Mwenye hisa 120 ameondoka na 720,000. Wengi huiita faida yote, ndiyo maana inaondoka kwa wiki moja. Faida ni 120,000. Ile 600,000 ni jasho lako mwenyewe la mwaka mzima, ulilojinyima Jumamosi baada ya Jumamosi. Kabla ya nguo za watoto na mbuzi, itenge kwa bahasha, na utenge siku hiyohiyo, maana ikishalala kwenye simu itatumwa huku na kule. Mfano wa huyu mwenye 720,000: 150,000 madeni ya dukani na ya jirani, 280,000 Januari, 140,000 mtaji au dharura, 150,000 sikukuu. Bahasha ya sikukuu ndiyo iwe ya mwisho kujazwa. Watu hukosea hapo tu: wanaanza na sherehe, kinachobaki wanakiita Januari.

Na Januari yetu mnaijua, mwezi wa siku tisini. Ada ilifutwa shule za serikali mwaka 2016 mpaka kidato cha nne, na 2022 ikafutwa kidato cha tano na sita, lakini sare, viatu, madaftari na mchango wa uji havikufutwa. Wenye watoto shule binafsi na wapangaji wa kodi ya miezi sita sina haja ya kuwakumbusha.

Lililonifanya niandike marefu hivi ni udhamini. Mwaka huu wanakikundi kadhaa wamelipa madeni ambayo hawakuyala. Mtu anakuja mlangoni jioni, bodaboda inamsubiri, karatasi mkononi, anasema "weka sahihi hapo tu, ni utaratibu wa ofisi." Unasaini umesimama, sufuria iko jikoni. Ndugu zangu, mdhamini si shahidi. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, wajibu wa mdhamini ni sawa na wa mkopaji, isipokuwa mkataba wenyewe useme vingine. Mkopaji akinyamaza, anayegongewa mlango ni wewe, na friji inayobebwa ni yako.

Kwa hiyo mkaribishe ndani, mpe kiti, mpe maji, chukua kalamu. Muulize ni kiasi gani, kwa muda gani, rejesho la kila mwezi ni shilingi ngapi na litatoka wapi. Omba nakala ya mkataba ubaki nayo. Ukikubali, andika karibu na sahihi yako ukomo wa unachodhamini, kwa tarakimu na kwa maneno, na mkopeshaji naye asaini hapo, isibaki hesabu yako peke yako. Usipeleke hati ya nyumba mnayoishi pasipo mwenzako kujua. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa yake, na hata isingetaka, nyumba ni ya wote. Kisha lala nayo usiku mmoja au miwili. Mkopo usioweza kungoja keshokutwa una kasoro, au mkopaji ana kasoro.

Kukataa kunatushinda kwa sababu ya haya. Ipo njia. Pima kiasi ambacho kikipotea utalala usingizi, mpe hicho kama msaada, umwambie: "Hii elfu hamsini ni yako usinirudishie, ila sahihi sitaweka." Atanuna wiki mbili. Ukisaini na ikaharibika, mtanuniana mpaka wajukuu.

Mikopo ya simu nayo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yanayofanya kazi bila leseni, na mengine yamezaliwa baadaye kwa majina mapya. Programu ikiomba ruhusa ya kusoma majina yote ya simu yako, jua imeomba rehani: ukichelewa siku moja, mkweo na mchungaji wanapata ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Piga hesabu kabla ya kubonyeza. Umeomba 100,000, imeingia 80,000, unatakiwa kurudisha 100,000 baada ya siku saba. Hiyo ni 20,000 juu ya 80,000, asilimia 25 kwa wiki moja. Ukomo uliowekwa kwa wakopeshaji wenye leseni wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana za watu, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Mikopo hii ya riba kubwa haikuitwa kausha damu kwa utani.

Hata hiyo 3.5, uliza inahesabiwaje. Milioni moja kwa miezi sita, riba ikitozwa kwenye mkopo wote mwanzo mpaka mwisho ni 35,000 mara sita, yaani 210,000. Ikitozwa kwenye salio linalopungua, ukirejesha msingi sawa kila mwezi, ni 122,500. Tofauti ni 87,500, na imejificha kwenye neno moja la mkataba ambalo afisa mikopo halisomi kwa sauti mpaka aulizwe.

Naona nimeanza kuhubiri, mnisamehe, ni msimu wake. Katika Luka 14 Yesu anauliza ni nani atakaye kujenga mnara asiketi kwanza kuhesabu gharama. Angalieni neno aketi. Na ndugu zetu Waislamu wanajua kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, Baqara 282, ni ya kuandika deni na kuweka mashahidi. Vitabu viwili, somo moja, nasi bado tunakopeshana kwa mdomo chini ya mwembe. Tusimlaumu shetani kwa sahihi tulizoweka kwa mikono yetu, wala tusiseme Mungu amependa pale ambapo sisi hatukusoma ukurasa wa pili. Mume amwambie mke deni lake, mke amwambie mume. Watoto wetu wasiletewe siri zetu na wadai siku ya maziko.

Basi Mola atuvushe salama, awape afya wagonjwa wetu, awafariji wafiwa, azibariki kazi za mikono yetu, na mwaka ujao utukute wote.

Mambo ya kikundi: mzunguko mpya unaanza Jumamosi ya pili ya Januari, saa tisa alasiri, mahali petu palepale. Hisa inabaki 5,000, moja mpaka tano kwa kikao. Njooni na vitabu. Vitabu 9 kati ya 24 havina jina la mrithi ukurasa wa kwanza, na siku hiyo sitagonga muhuri wa hisa kwenye kitabu kisicho na jina.

Tutachagua pia wa kushika ufunguo wa pili, kwa sababu zamu tuliyoanza Agosti imetuchosha. Mimi siruhusiwi, sanduku linalala kwangu. Awe mkazi wa mtaa huu, asiwe ndugu wala mwenza wa wenye ufunguo wa kwanza na wa tatu, na asiwe na rejesho lililochelewa. Ufunguo bado umefungwa kwenye kipande cha kanga alichokichana marehemu mwenyewe. Atakayechaguliwa akitaka kukibadilisha, ni ruhusa.