Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Kujitolea Kutokomeza Polio, Kigoma, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa dini na serikali, wakufunzi wetu, wazazi, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kukubali kuja kutukabidhi vyeti.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kazi tunayoingia tumeirithi. Mwaka 1988, mataifa yalipokubaliana kuitokomeza polio, ilikuwa imeenea katika nchi zaidi ya 125 na ikikadiriwa kuwapata watu 350,000 kwa mwaka. Leo kirusi chake cha asili kimebaki Afghanistan na Pakistan. Mpango wa kimataifa wa STOP, yaani kukomesha maambukizi ya polio, umekuwa ukifundisha watu na kuwapeleka nchi za mbali tangu 1999, na pamoja nao wapo wenyeji wasiohesabika waliobeba chanjo mabegani. Tunamkumbuka hasa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida, mwaka 1977. Aliikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Miaka mingi baadaye alijitolea kwenye kampeni za polio, akiwasimulia wazazi habari zake mwenyewe.

Wapo wanaotuuliza: polio si iliisha? Tanzania ilithibitishwa kutokuwa na polio mwaka 2015. Lakini mwaka 2023 kirusi kilibainika Rukwa, cha aina inayojitokeza pale watoto wengi wanapokosa chanjo, na Kigoma ikawa miongoni mwa mikoa sita iliyofanyiwa kampeni.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tumefundishwa kukisoma kichupa cha chanjo: kamraba kaliko ndani ya duara kwenye lebo yake kakifikia weusi wa duara lenyewe, joto limeiharibu na chanjo hiyo haitolewi tena, hata foleni ya akina mama iwe ndefu kiasi gani. Tumefundishwa kutoa taarifa ya mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 aliyelegea mguu au mkono ghafla, maana huenda ni polio, ili sampuli mbili za choo zichukuliwe ndani ya siku 14 tangu alegee.

Ila somo kubwa lilikuwa kupiga hodi. Siku ya mazoezi, katika kitongoji kimoja cha wavuvi, mama mmoja alitujibu kwamba watoto wake wote wameshachanjwa. Chaki ilikuwa tayari mkononi. Wingu likatanda, mwenzetu akainama kumsaidia kuanua dagaa. Wakiwa wanakusanya, mama akasema yupo mdogo amelala ndani, ana mafua, alidhani mwenye mafua hapewi. Mtoto akaletwa amebebwa, akapewa matone yake mawili, akapakwa wino kidoleni. Tungeondoka dakika tano mapema, mlango ule ungeandikwa kuwa umekamilika.

Changamoto yetu kuu ni ziwa. Kufika vijiji vya mwambao kama Kagunga na Kalya tunategemea boti za abiria, ambazo huondoka zikijaa. Tumewahi kusubiri mwaloni hadi barafu ikayeyuka kwenye kibebeo cha chanjo, tukarudi bila kumchanja hata mtoto mmoja. Siku ile tuliumia sana.

Kwa hiyo tunaomba boti moja yenye injini siku za kampeni, pamoja na maboya ya kujiokolea; makoti ya mvua; na nauli ilipwe kabla ya safari, maana wengi wetu tunakopa ili tufike. Sisi tuko tayari kupangiwa popote, ndani ya mkoa au nje ya nchi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.