Ile nakshi ya kizingiti ni yako

Bagamoyo, Jumapili baada ya alasiri

Mwanangu, somo wa mama yangu,

Assalaam alaikum. Huku hatujambo. Mama yako anakusalimu, anauliza kama lile koti la mtumba linafaa kwa baridi ya Ohio. Nimemwambia linafaa, ingawa sijui, na yeye anajua kwamba sijui.

Ujumbe wako wa sauti wa Jumatano nimeusikiliza mara nne. Mara ya kwanza nilikuwa karakana, kijana anapiga randa, nikaambulia maneno mawili tu: "mgahawa" na "mkononi". Ya pili nikatoka barazani. Ya tatu nikachukua daftari la oda, nikawa naandika huku nakusimamisha kwa kidole. Ya nne mama yako alitaka kusikia sauti tu, maneno hakuyajali. Basi haya ninayokuandikia nimeyapima.

Nianze na huo mgahawa, maana ndio ulioninyima usingizi. Jibu ni hapana. Nimeelewa kwamba posho yako ya ualimu msaidizi ni ya miezi tisa, ikifika Mei inakatika mpaka Agosti, na kwamba huyo mwenye mgahawa ni mtu wa watu, anataka mwosha vyombo na analipa mkononi bila karatasi. Hapo kwenye "bila karatasi" ndipo shida ilipo. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha sheria hiyo: mwanafunzi wa kigeni anafanya kazi ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki masomo yakiwa yanaendelea, na likizo anaweza kuzidisha. Nje ya chuo bila kibali umeshavunja masharti yaliyokuweka pale. Hapo si kusema utaonywa. Ni kupoteza nafasi yote, na miaka miwili uliyokwisha kuitolea jasho. Usichezee shilingi chooni, mama.

Unakumbuka siku ya viza? Tulipanda daladala ya Makumbusho kiza hakijaisha. Nilicheka kusikia ubalozi wenyewe uko Barabara ya Zamani ya Bagamoyo, nikakwambia kumbe njia ya Marekani inaanzia kwetu. Hukucheka. Tumbo lilikuwa linakuuma, na dola 185 za viza hazirudi hata wakikunyima. Ulipoingia niliachwa nje na simu yako mkononi, saa mbili nzima natazama ule ukuta. Ulipotoka ukasema wamekuuliza kitu gani kitakurudisha Tanzania, nawe ukajibu, "Baba yangu anachonga milango." Sijui yule ofisa aliona nini katika jibu hilo. Mimi nililibeba mpaka Bunju kabla sijaweza kusema neno.

Badala ya mgahawa, nenda kaulize karakana ya mbao ya chuo. Ulisema wanahitaji mtu wa kuifungua na kuisimamia wakati wa likizo, ukaona aibu kuomba kwa sababu wasimamizi wote ni wanaume warefu. Urefu haunoi patasi. Waambie umekulia kwenye vumbi la mvule. Kama malipo ni madogo kuliko ya mgahawa, ni madogo ya halali, nasi hatujakutuma ututafutie hela.

Sasa hili la kufundisha. Ulisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri kosa, kwamba unapenda darasa kuliko ulivyotarajia, na kwamba unaogopa darasa litakumeza, kazi zako zife. Halafu ukapita haraka. Mimi sikupita. Nilirudisha nyuma pale unapoeleza lile somo la kiti.

Wanafunzi 18, siku ya kwanza, wote wanachora kiti wanachokijua kichwani, si kile kilichosimama mbele yao. Ukawaambia waache kiti, wachore uwazi tu: hewa iliyo kati ya miguu, pembetatu iliyo chini ya ubao wa kukalia. Na mmoja, yule anayefuta kila mstari mpaka karatasi inatoboka, akainua kichwa akasema kiti kimejitokeza chenyewe. Ukaniuliza, "Baba, unajua nilikitoa wapi?" Najua. Ulikitoa hapa. Tukichonga ua juu ya mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, hatuligusi ua, tunachimba uwanda unaolizunguka, na kijana anayelikodolea macho ua ndiye anayelikata petali. Nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu wa kiume tazama shimo, tazama shimo, nawe umekaa pembeni na msasa, nikidhani husikii.

Kuhusu yule anayefuta: mnyang'anye kifutio kwa wiki moja. Mimi nilikuwa na kijana wa Kaole mwenye ugonjwa huohuo, kila kosa analipiga msasa, ubao unakonda, mwisho mlango una bonde. Nikamficha msasa. Alikaribia kulia kweli. Wiki ya pili mkono ukatulia. Leo ana karakana yake Magomeni, na ananiibia wateja.

Hilo la kumezwa sikubali hivihivi. Wewe ndiye uliyenionyesha kwenye simu kazi za mchoraji Lubaina Himid, mzaliwa wa Unguja wa 1954 aliyepelekwa Uingereza akiwa mtoto mchanga. Nikakuuliza anakula nini, ukasema alikuwa anafundisha, profesa huko Preston, Uingereza. Na alipopewa Tuzo ya Turner, ile kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017 alikuwa na miaka 63. Hesabu hiyo nimeishika, kwa sababu nilikuwa naamini mchoraji asipotoka akiwa kijana ndiyo basi. Mama yako yeye alishika kitu kingine: aliona mtindo wa kanga kwenye zile picha, akasema, "Hii si kama ile yangu?" akaenda kabatini kuihakikisha.

Na mzee Sam Ntiro, mchoraji wa Kilimanjaro. Alisoma Makerere kwa Margaret Trowell, akaenda shule ya sanaa ya Slade, London, akarudi Makerere kufundisha. Uhuru ulipokuja 1961 akatumwa tena London, safari hii kuwa mwakilishi wa nchi. Picha yake ya wanaume wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku iko Museum of Modern Art, New York. Mtu huyo alisahihisha kazi za wanafunzi, akakaa vikao, akavaa suti ya kibalozi, na bado akachora migomba. Huna sababu ya kuniambia kwamba chaki inaua brashi. Labda inaua ya mtu mvivu.

Tuje kwenye hesabu za mbele. Nimeziandika kwenye daftari, nirekebishe nilipokosea. Hiyo MFA, shahada yako ya uzamili ya sanaa, huko ndiyo shahada ya mwisho kwa mtu wa uchoraji na uchongaji, na inatosha kuombea kazi ya kufundisha chuo kikuu. Ukimaliza unapata mwaka mmoja wa kufanya kazi ya fani yako, huo mnaouita OPT. Maombi yake yanafunguliwa siku 90 kabla ya kumaliza, na ukishaanza usikae bila kazi zaidi ya siku 90 kwa jumla. Wenzako wa kompyuta na uhandisi wanaongezewa miezi 24, nyie wa sanaa hamuongezewi. (Hapo niliweka daftari chini nikavuta pumzi. Anayetengeneza programu ya kuhesabu viatu anaongezewa, anayechonga haongezewi. Haya.) Ndani ya mwaka huo unatafuta chuo kikuu kitakachokuombea viza ya kazi, na vyuo vikuu vina nafuu moja: haviingii kwenye ile bahati nasibu ya kila mwaka inayowatesa waajiri wengine.

Ninachokiogopa hapo ni kitu kimoja. Umesema kazi nyingi zinazotangazwa ni za vipindi, unalipwa kwa somo moja moja, na chuo hakimwombei viza mwalimu wa vipindi. Basi usijidanganye na darasa moja hapa na moja pale ukidhani umefika. Chukua, ule, lakini jicho liwe kwenye mkataba wa mwaka mzima. Na anza kukusanya sasa hivi. Umesema vyuo vinavyoajiri vinataka picha 20 za kazi zako na picha 20 za kazi za wanafunzi wako. Hizo za wanafunzi watu huzisahau, halafu wanafunzi wameshatawanyika. Zile za viti, umezipiga? Omba ruhusa, piga Jumatatu.

Jirani yetu, unamjua, anasema mcheza kwao hutunzwa, urudi, TaSUBa, chuo chetu cha sanaa, ipo hapahapa, Mlimani wanakujua. Sikatai. Ila ukiamua kurudi, rudi ukijua kwamba huku MFA ni shahada ya uzamili kama nyingine. Utaipeleka TCU, tume ya vyuo vikuu, kutambuliwa, na chuo kikuu kitakupokea kama mhadhiri msaidizi, kisha kikwambie ukasome udaktari ndipo upande. Huko ni ngazi ya juu, hapa ni ya katikati. Sikuambii ili nikukatishe tamaa, nimeona vijana wakirudi na hasira wasiyoielewa. Na bibi yako alipofariki ukashindwa kuja kwa sababu viza ya pasipoti ilikwisha, na ukitoka ingebidi uanze foleni upya, hakuna aliyekulaumu. Aliyesema vingine kwenye msiba alijibiwa na mama yako, na hakurudia.

Nimezunguka sana. Kilichonifanya nishike kalamu badala ya simu ni kile kiwanja.

Umesema unataka milioni mbili za haraka ili nianze kulipia kiwanja kingine kabla bei haijapanda zaidi. Ndiyo maana ya mgahawa, sivyo? Unajiona una deni. Sikiliza basi, na ukikasirika utakuwa na haki.

Mwaka 2012 nilipata oda ya mlango wa nyumba moja ya wageni hapa mjini. Mteja alitaka kizingiti cha juu ambacho hakipo kwa jirani yake. Nilichora mara tatu, akakataa mara tatu. Wewe ulikuwa na miaka 13, kazi yako msasa, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshasema patasi si ya mtoto wa kike na sikutaka kujirudi mbele ya mafundi. Usiku mmoja nikakuta kipande cha plaiwudi nyuma ya mlango wa stoo. Penseli. Samaki wawili wanapandisha mnyororo kwa vinywa, na mnyororo, ukiufuata, unageuka taratibu kuwa yungiyungi, huoni ni pingili ya ngapi iliyoanza kuwa ua. Nilikaa na mchoro huo mpaka taa ikaisha mafuta.

Asubuhi niliuhamishia kwenye karatasi kwa mkono wangu nikampelekea mteja. Alikubali papo hapo, akaongeza bei bila kuombwa. Niliuchonga kwa bobari ndogo, wiki tatu. Watu wakaja kuutazama, wakasema fundi amefungua ukurasa mpya. Nilisema alhamdulillahi. Sikusema zaidi ya hapo. Wewe ulipita pale na mama yako, ukasimama, ukanitazama, ukaendelea kutembea. Hukuwahi kuniuliza, na mimi nilijifanya hukutambua.

Kutokana na mlango huo nilipata oda sita. Kutokana na oda hizo nilinunua kiwanja. Kiwanja hicho ndicho nilichouza ukaenda Ohio. Sasa fanya hesabu mwenyewe, wewe uliyesoma, uniambie nani ana deni.

Jana nilikwenda pale. Mwenye nyumba amezeeka kama mimi, ameukumbuka mlango kabla hajanikumbuka. Nikaomba ngazi, nikafuta vumbi kwa kitambaa cha maji. Vanishi imechoka upande wa jua, lakini samaki hawajapata ufa. Kaka yako amepiga picha nne, moja ya karibu pale mnyororo unapogeuka, nyingine na jua la pembeni ili uwanda uonekane ulivyochimbwa. Atakutumia usiku akipata bando. Nilimweleza yule mzee mchoro ni wa nani. Alisema, "Yule binti wa msasa?" Nikasema ndiye.

Umeniambia chini ya kila picha huandikwa jina la kazi, mwaka, kitu kilichotumika na vipimo. Kizingiti nimekipima kwa futi kamba mara mbili: urefu sentimita 164, kimo 32, unene 7. Mbao ni mvule. Mwaka 2012. Mchoro wako, mkono wangu, andika hivyohivyo. Jina hatukuupa, utautafutia wewe.

Wasalaam,
Baba yako