Nilikiambia nina mawazo

Kibokoni, Mombasa

Shoga yangu Rukia,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, hofu ni kwako na baridi ya huko. Tangu arubaini ya mama nimekaa kimya, na meseji zako nimeziona zote. Usininunie.

Nilikuwa nina wa kuzungumza naye. Zuhura alinitilia programu kwenye simu, ya kuongea na roboti ukiwa na dhiki. Cheka tu. Saa tisa usiku utamwamsha nani? Chenyewe kinajibu papo hapo, na ile ya kuvuta pumzi kwa kuhesabu, wallahi ilinisaidia. Ila siku ya kwanza nilikiandikia, "Nina mawazo." Kikajibu: hongera, ungependa kunieleza wazo lipi? Nikacheka peke yangu gizani, mara ya kwanza tangu msiba.

Zuhura anasema haya si mapya. Mwaka 1966 kule Marekani Joseph Weizenbaum alitunga programu, ELIZA, ikikurudishia maneno yako kama swali, basi. Na bado karani wake, alipokuwa akiongea nayo, akamwomba atoke chumbani awaachie faragha. Mimi yule karani simcheki.

Kisha nikazama. Siku nane sikukifungua, sikupika, pazia sikulifunua. Siku ya tano kidude kikaleta meseji: tumekukosa, lipia mwaka mzima upate punguzo! Siku ya nane Mama Saumu akagonga na mahamri na mbaazi, akajitupa kitandani pangu, hakuuliza kitu, akaanza ule ugomvi wa mtungi wa maji. (Haujesha, usiulize.) Nikala mahamri matatu.

Wajua Zimbabwe, tangu 2006, Dkt. Dixon Chibanda aliwafunza mabibi kama huyu wakae na watu kwenye benchi nje ya zahanati? Ugonjwa wenyewe wanauita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Hao wasingenipa hongera.

Lakini Mama Saumu naye saa tisa hulala. Na usingizi wangu bado haujarudi, ndiyo maana nakuandikia. Wewe uliyefanya kazi hospitali ya Port Reitz, kwa wagonjwa wa akili, mtu huanzia wapi pale? Aende peke yake? Nikikutana na wa mtaani niseme nimekuja kupima presha? Na yale niliyoyaandika usiku, ya mama na yale mengine, yako wapi sasa, nani anayasoma? Wewe je, unalala? Utakuja kabla ya Ramadhani?

Wako,
Mwanaisha