Mita 420 za Kuirudisha Timu Yetu Nyumbani Ukerewe

Ndugu zetu wana Ukerewe, mlioko kisiwani na mlioko ng'ambo. Wazazi, wajomba, mashangazi, mashemeji, na nyote mliowahi kusimama pembeni ya uwanja wetu mkimenya chungwa huku macho yako kwenye mpira: wakubwa zetu shikamooni, na wadogo zetu tunawasalimu.

Sisi wa Kamati ya Uwanja tunaandika barua hii kwa sababu tumechoka kuwa wageni kwenye mechi zetu wenyewe, na tunaomba mtuchangie kuujengea uwanja wetu ukuta wa mita 420, vyumba vya kuvalia na vyoo.

Mwaka jana vijana wetu walichukua ubingwa wa wilaya. Siku ile ngoma zililia kutoka uwanjani hadi gatini, na wavuvi wa dagaa walichelewa kuingia majini kwa sababu hakuna aliyetaka kuondoka. Tulidhani tumefika. Kumbe ligi ya mkoa ina masharti yake. Asubuhi moja wakaja wakaguzi na daftari lao, wakauzunguka uwanja wetu wa shule, wakaandika walichokiona. Hakuna uzio. Kuna njia ya miguu inayokatiza kwenye kona ya kusini, akina mama wanapita na ndoo na wachungaji wanapita na ng'ombe, mechi iwepo isiwepo. Vijana wetu wanavalia jezi chini ya mwembe, wageni wanavalia nyuma ya darasa la nne, waamuzi wanavalia stoo kati ya majembe ya shule. Choo ni kile kile cha wanafunzi. Uwanja ukafungiwa, na mechi zetu zote za nyumbani zikahamishiwa mjini Mwanza, uwanja wa Nyamagana.

Wapo wanaosema tumeonewa. Sisi wa kamati hatusemi hivyo. Msimu uliopita mshika kibendera wetu alikuwa anakimbia huku akisukuma watoto kwa mkono wa pili, na sote tulikuwepo, tuliona. Mwamuzi akipigwa pale kwetu, atakimbilia wapi? Masharti ni ya haki. Kinachotuuma ni gharama ya kuchelewa kuyatimiza, na gharama hiyo wanailipa vijana wenye umri wa miaka kumi na minane na kumi na tisa.

Mechi ya nyumbani siku hizi iko hivi. Timu inapanda meli Nansio siku moja kabla, zaidi ya saa tatu majini, inashuka Bandari ya Mwanza Kaskazini, inatafuta pa kulala. Meli ikikosekana, wanazunguka kwa kivuko cha Rugezi hadi Kisorya, kisha barabara ndefu ya Bunda. Kesho yake saa kumi jioni wanaingia kwenye nyasi bandia ambazo wengi wao hawajawahi kuzikanyaga kabla ya msimu huu. Mpira unadunda kwa namna nyingine, na beki akiteleza kuokoa anainuka paja limechubuka. Mechi ikiisha jioni hakuna kurudi siku hiyo. Wanalala tena.

Kwa wachezaji, walimu na msaidizi wa huduma ya kwanza, jumla watu 26, safari moja inatugharimu Sh 1,150,000. Msimu una mechi saba za nyumbani. Hiyo ni Sh 8,050,000, inayoishia kwenye nauli, vitanda na sahani za wali, kwa ajili ya mechi ambazo kwenye ratiba zimeandikwa kuwa zetu.

Lakini fedha si kitu kilichotuuma zaidi. Kwenye mechi ya pili pale Nyamagana tulikuwa watu kumi na tisa kutoka kisiwani. Wapinzani wetu ni wa mjini hapo hapo, wamekuja kwa daladala, wana ngoma na vuvuzela, upande mzima wa jukwaa umejaa rangi zao. Kijana mmoja muuza karanga alitupitia, akatutazama jezi, akauliza kwa heshima kabisa: "Samahani kaka, nyinyi ndio wageni?" Mmoja wetu alifungua mdomo amjibu, akashindwa. Tulinunua karanga.

Na huku nyumbani? Mnamjua mzee wetu wa kengele. Tangu wengi wetu tukiwa shule ya msingi, timu ikifunga goli yeye huigonga ile rimu ya lori iliyoning'inia kwenye tawi la mwembe, na mlio unafika hadi sokoni. Mtu anayepima dagaa anajua tumefunga bila kuambiwa. Sasa siku za mechi anakaa pale pale chini ya mwembe, uwanja mbele yake ni mtupu, na watu thelathini au arobaini wamemzunguka wakisikiliza simu moja iliyowekwa sauti ya juu. Kijana wetu aliye jukwaani Mwanza anatangaza mpira kwa simu. Vocha tunachangiana. Mzee ameshika nyundo, anasubiri.

Mechi ya nne ilikuwa sare ya goli moja kwa moja hadi dakika za mwisho. Sauti ikapanda, kijana akapiga kelele, "Goo!" na simu ikakatika. Chaji ilikuwa imekwisha. Mzee aliinua nyundo. Watu wakasimama. Nyundo ikabaki juu, kwa sababu hakuna aliyejua goli ni la nani. Wakapiga namba nyingine, haipatikani. Walikaa pale mpaka giza. Asubuhi iliyofuata watu walikwenda gatini, na kabla meli haijafunga kamba walishaona nyuso za vijana waliosimama kwenye reli. Lilikuwa goli la kufungwa, dakika ya 88.

Mtatuuliza, kwa nini msiende wengi mkaishangilie? Wapo vijana walioleta wazo la kukodi mtumbwi wa injini, wajazane hamsini, waende na kurudi usiku. Kamati ilikataa, na tutaendelea kukataa. Hakuna mtu wa visiwa hivi anayehitaji kukumbushwa tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara ikiwa imejaa watu waliotoka gulioni, wakafa zaidi ya mia mbili. Wapo kwenye kamati hii waliozika. Hatutamwambia mama yeyote kwamba mwanawe amepanda chombo kilichozidiwa kwa sababu ya mpira. Ndiyo maana tunakuwa kumi na tisa.

Hali hii haikuanza na sisi, na huko ilikopita imeumiza wakubwa kuliko sisi. Ziwa hili lote linaijua. Kagera Sugar walipoupisha uwanja wa Kaitaba uwekwe nyasi bandia, mechi zao za nyumbani zikachezwa mikoa mingine na watu wa Bukoba wakabaki na redio. Mwaka 2022 Geita Gold waliikaribisha Yanga, si Geita, bali uwanja wa CCM Kirumba, mjini Mwanza. Biashara United ya Musoma, ilipopata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2021, iliifunga Al Ahli Tripoli mabao 2-0 katika mechi ya nyumbani iliyochezwa uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Musoma. Kisha safari ya marudiano kule Libya ikashindikana na mashindano yakaishia hapo. Ushindi mkubwa kama ule, na watu wa Mara waliuona kwenye televisheni.

Hata majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa. Machi 2023 Uganda ilitukaribisha sisi Watanzania mjini Ismailia, Misri, na Simon Msuva akafunga goli pekee. Tulishangilia sana hapa Nansio siku ile, na ni sawa, lakini leo tunalifikiria jambo hilo kwa upande wa Mganda aliyekuwa Kampala. Juni 2024 Kenya walikuwa wenyeji wa Burundi mjini Lilongwe, Malawi. Yakiyapata mataifa, sisi timu ya uwanja wa shule ya msingi na mwembe ni nani? Tofauti ni kwamba wao walihitaji viwanja vya mabilioni. Sisi tunahitaji ukuta, vyumba vitatu vya kuvalia na vyoo.

Hesabu yake ni hii. Uwanja pamoja na nafasi ya pembeni una mzunguko wa mita 420. Ukuta wa kimo cha mita mbili unahitaji tofali 10,500, nazo tutafyatua wenyewe. Mfuko mmoja wa saruji unatoa tofali 30. Ukijumlisha msingi, nguzo na kujengea, kila mita moja ya ukuta inakula mifuko miwili. Mfuko ukishavuka maji hadi Nansio tunaupata kwa Sh 20,000. Kwa hiyo mita moja ni Sh 40,000, na ukuta wote ni Sh 16,800,000. Nondo, mabati, mbao, milango na mabomba ya vyumba na vyoo ni Sh 9,700,000. Mafundi wamekubali Sh 5,500,000 kwa kazi yote, na tunawashukuru, kwa sababu ni chini ya bei yao. Jumla Sh 32,000,000. Zile tunazoziteketeza majini kwa msimu mmoja ni robo yake.

Mchanga, mawe, maji na mikono havimo kwenye hesabu hiyo. Mawe tunayo, Mungu hakutunyima mawe. Lori kumi na nne zimeshamwagwa upande wa kaskazini, watu wamezipasua na kuzibeba kwa zamu kila Jumamosi ambayo timu haipo. Wazee wa kitongoji wamekaa na wachungaji na akina mama, na ile njia ya kona ya kusini sasa inazunguka nyuma ya bustani ya shule. Ilichukua vikao vitatu na haikuwa rahisi, maana njia ile ilikuwepo kabla ya magoli.

Mita 61 zimeshalipiwa na watu wa hapa hapa. Mwanamama mmoja wa soko la samaki alilipia mita moja kwa noti za elfu moja moja, arobaini, akasema anataka mita yake iwe pale alipokuwa akiuza chai siku za mechi. Kwa akina mama hawa mechi ya nyumbani ilikuwa siku ya kuuza: chai na vitumbua, sato wa kukaanga, machungwa, miwa. Tangu uwanja ufungiwe, Jumamosi zao ni sawa na Jumanne.

Lipo swali ambalo tumeulizwa na ndugu zetu wa Dar es Salaam, nalo ni la haki: kwa nini uwanja, wakati yapo mahitaji ya shule na zahanati? Tunajibu hivi. Vyoo tutakavyojenga vitatumiwa na wanafunzi siku zote za wiki, ambao leo wanapanga foleni kwenye matundu yaliyochoka. Ukuta utazuia ng'ombe kuingia shuleni. Na zaidi ya hayo, vijana hawa ni wa kwetu. Wengi wao usiku wapo ziwani na mchana wapo mazoezini. Wametufanyia jambo ambalo hatukuwahi kuliona, na tukawalipa kwa kuwapeleka wacheze mbele ya viti vya watu wengine. Nahodha wao alituambia kwenye kikao, bila hasira: "Tukifunga kule tunasikia kimya, mpaka tunafikiri labda mwamuzi amekataa goli." Hatukuwa na jibu la kumpa isipokuwa hili la ukuta.

Basi tunaomba. Mwenye uwezo wa mita kumi atoe kumi, mwenye mita moja atoe moja, mwenye mfuko mmoja ameshatoa nusu mita na nusu yake itatafutiwa mwenzake. Wanafunzi wanaleta shilingi mia mbili mia mbili, nazo tunaziandika kwenye daftari lile lile. Kila mita itachorwa jina la aliyeitoa, au la marehemu wake akipenda, kwa upande wa ndani ambako watu husimama. Walioko mbali watume kwa namba ya mhazini iliyo kwenye kundi letu la WhatsApp, na ile ile imebandikwa kwenye ubao wa shule, gatini na sokoni. Usitume kwa namba nyingine yoyote, hata kama anayekupigia anakujua kwa jina la ukoo. Stakabadhi inatoka siku hiyo hiyo, na kila Jumapili jioni mhazini anasoma mapato na matumizi mbele ya watu, chini ya mwembe.

Harambee yenyewe ni Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, saa nane mchana baada ya ibada, hapo hapo uwanjani. Timu itakuwepo, itacheza dakika thelathini na maveterani wetu, na akina mama watakuwa na chai. Mzee wa kengele ameomba aruhusiwe rasmi: kila mita kumi zikitimia, anagonga mara moja.

Mnaotoka Mwanza, mtakaoshuka na meli siku ya Jumamosi, tuambieni mapema idadi yenu. Tutawapokea gatini, na malazi yapo majumbani kwetu.

Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Uwanja
Nansio, Ukerewe