Kwa nini tunakuuliza kilichomo kwenye pipa kabla meli haijatoka Antwerp, Ubelgiji

Sisi ni wakala wa kusafirisha mizigo kwa meli. Fomu ya mzigo ikija na maneno matatu tu, "vitu vya nyumbani", lazima tumpigie mteja simu. Wengi hawafurahi. "Kaka, ni sufuria na nguo za watoto, unanipekua ya nini?" Tunaelewa. Lakini pipa likifunguliwa, chini ya mashuka hutokea mara nyingi tukakuta pafyumu za zawadi, dawa ya mbu ya kupuliza, kopo la thina, na betri ya gari iliyoviringishwa kwenye mfuko wa supamaketi.

Hakuna kitu haramu hapo. Ila kwa sheria za bahari vyote vinne ni bidhaa hatari, na kila kimoja kina namba yake ya Umoja wa Mataifa: pafyumu ni UN 1266, makopo ya kupuliza UN 1950, rangi na thina UN 1263, betri ya maji ya asidi UN 2794. Bidhaa hatari haipandi meli bila kutajwa.

Sharti hili hatukulitunga sisi. Ulaya ina agizo namba 2002/59 linalohusu ufuatiliaji wa meli na kupashana habari za bahari. Lilizaliwa baada ya meli ya mafuta Erika kukatika vipande viwili nje ya pwani ya Brittany, Ufaransa, tarehe 12 Desemba 1999, na mafuta mazito kuchafua fukwe. Agizo lilipitishwa Juni 2002. Kabla mwaka haujaisha, meli nyingine, Prestige, ikazama mbali kidogo na Galicia, Hispania, na mwaka 2009 sheria ikakazwa tena.

Kwa mtu anayetuma mzigo, kifungu kinachomgusa ni kimoja. Bidhaa hatari hairuhusiwi kupakiwa katika bandari ya Umoja wa Ulaya mpaka mwenye mzigo awe amempa nahodha au kampuni ya meli tamko: jina halisi la bidhaa, namba yake ya UN, daraja la hatari na kiasi. Mwenye mzigo ni wewe. Sisi ni wakala wako tu. Ukituandikia "vitu vya nyumbani", nasi tukapeleka hivyo hivyo, uongo ule unapanda ngazi: kutoka kwetu hadi kwa kampuni ya meli, kutoka kwa kampuni hadi kwa mamlaka za Ubelgiji.

Unafika huko kwa sababu meli yenye bidhaa hatari, kabla au ifikapo dakika ya kuondoka, lazima iwe imetoa taarifa: imebeba nini, kiko sehemu gani melini, na ndani mna watu wangapi. Taarifa hizo zinaunganishwa na mtandao unaoitwa SafeSeaNet, unaosimamiwa na shirika la usalama wa bahari la Ulaya, EMSA, lenye makao yake Lisbon. Nchi za Umoja wa Ulaya zenye pwani zimo, Norway na Iceland pia. Kila nchi inatunza taarifa zake, na nyingine ikihitaji inaziomba kupitia mtandao huo, usiku au mchana. Mimi na wewe hatuwezi kuingia humo, ni wa serikali.

Faida yake inaonekana siku mambo yanapoharibika. Machi 2019 meli ya magari na makontena, Grande America, ilishika moto ikitoka Hamburg kwenda Casablanca. Ilikuwa na magari zaidi ya 2,000 na makontena 365, na 45 kati ya hayo yalikuwa na bidhaa hatari, asidi zikiwemo. Watu wote 27 waliokolewa na manowari ya Uingereza, kisha meli ikazama Ghuba ya Biscay. Wafaransa waliokuwa wakishughulikia tukio hilo walihitaji kujua mara moja kilichozama nayo, na cha kwanza cha kushika ni orodha. Kisichoandikwa kwenye orodha hakuna setilaiti itakayokiona.

Hapo tuingie kwenye swali la pili tunaloulizwa kila siku: "Mbona kwenye simu meli imepotea?" Programu zile za simu za kufuatilia meli zinasoma mawimbi ya AIS, chombo ambacho meli zote za kuanzia tani 300 za ujazo zinazosafiri kimataifa lazima ziwe nacho. Kinataja jina la meli, mahali ilipo, mwendo na inakoelekea. Cha ndani ya makontena hakikitaji. Mawimbi yake ni ya redio ya VHF, kwa hiyo minara ya nchi kavu huyapata karibu na pwani tu. Meli ikishaingia bahari kuu inabaki setilaiti, na huduma ya setilaiti kwenye programu nyingi ni ya kulipia. Mahali penye hatari nahodha anaruhusiwa kukizima chombo hicho cha AIS kwa usalama wa meli yake.

Ndiyo maana mwanzo wa safari unaona kila kitu. Meli inashuka mto Schelde ikiangaliwa kwa rada za Wabelgiji na Waholanzi wanaofanya kazi hiyo kwa pamoja, inapita Vlissingen, mdomoni mwa mto, inajitambulisha kwenye mlango wa bahari wa Dover, kati ya Uingereza na Ufaransa, tena Ouessant, Ufaransa, tena Finisterre, Hispania. Baada ya hapo, hasa zile zinazozunguka Rasi ya Tumaini Jema kuikwepa Bahari ya Shamu, unaweza kukaa siku nyingi bila kuiona. Haijazama. Tusipigiane simu saa nane za usiku kwa ajili ya hilo, tafadhali.

Sasa tunachoomba. Andika kila kitu kwa jina lake, hata kama ni chupa moja. Kitu chenye alama ya almasi yenye mpaka mwekundu, kipige picha upande wa maandishi ututumie WhatsApp. Kama kina namba ya UN tutaisoma wenyewe. Tamko la bidhaa hatari lina siku yake ya mwisho kwa kampuni ya meli, na siku hiyo huja mapema kuliko ya mzigo wa kawaida, kwa hiyo ukituambia mlangoni kontena likifungwa, kitu hicho kitabaki gati.

Mtungi wa gesi uliotumika hatupokei. Betri ya baiskeli ya umeme au pawabenki iliyovimba hatupokei pia, hata ukiongeza pesa. Gari lenye spea na makopo ya rangi ndani ya buti tutalifungua mbele yako. Na dada zetu wa pafyumu: zitengeni kwenye boksi lake, mwandike idadi na ujazo wa chupa, zitasafiri bila shida.