Katuni inayojisema bado inauza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nijibu ile makala yenu ya burudani iliyosema wazazi tusiwe na wasiwasi na katuni za Marekani kwa sababu siku hizi zenyewe ndo za kwanza kujisema, zinawacheka wenye midoli, zinaicheka stesheni inayozirusha, zinacheka mpaka tisheti zao wenyewe, kwa hiyo ni katuni za ukweli na mtoto akiziangalia anaerevuka. Mwandishi wenu anazijua katuni, hilo nampa, ila hapo kwenye "kwa hiyo" sikubaliani nae hata kidogo.

Mimi nauza mabegi ya shule na vifaa vya wanafunzi Kariakoo, alafu ni mpenzi wa The Simpsons, ile katuni ya Marekani ya familia moja, toka ujanani, nimeziangalia siizini kwa siizini kwenye flashi mpaka nikazikariri. Kwa hiyo katuni naijua na bidhaa yenye picha ya katuni naijua.

Kwanza historia kidogo, maana bila hiyo utani wenyewe hauelewiki. Biashara ya katuni Marekani ni ya zamani, mwaka 1960 akina Fred na Barney wa katuni ya The Flintstones walikuwa wanaonekana kwenye matangazo ya tivii wanavuta sigara za Winston. Mwaka 1982 kampuni ya Mattel ikatoa midoli ya He-Man, na 1983 ndo ikaja katuni yake, yaani mdoli ulitangulia katuni ikaja nyuma kuutangaza. Mwaka 1984 mamlaka ya mawasiliano ya kule ikaondoa ukomo wa muda wa matangazo, mwaka huohuo ikatoka midoli na katuni ya Transformers ya kampuni ya Hasbro, na hapo ikawa kipindi kizima cha nusu saa ni tangazo la kitu kilichopo dukani. Ikabidi bunge lao lipitishe sheria ya vipindi vya watoto mwaka 1990, matangazo yasizidi dakika 10 na nusu kwa saa wikiendi na dakika 12 siku za kazi.

The Simpsons ilianza kama kipindi kinachojitegemea Desemba 1989, katikati ya hayo yote, na mwaka uliofuata tu Bart, yule mtoto wa kiume wa familia hiyo, alikuwa kila kona, tisheti, vikombe, midoli, matangazo ya chokoleti ya Butterfinger, mpaka baadhi ya shule Marekani zikapiga marufuku tisheti yake moja iliyojisifia uvivu wa masomo. Sasa waandishi waliokuwa wanaona hela hizo zinaingia ndo haohao wakaanza kuziandikia utani, na waliandika vizuri sana. Wakamtengeneza Krusty, mchekeshaji wa watoto anayekubali jina lake liwekwe kwenye kitu chochote ili mradi kalipwa. Kwenye episodi ya Kamp Krusty ya mwaka 1992 watoto wanapelekwa kambi ya likizo yenye jina lake, wanalishwa uji mbovu na kufanyishwa kazi, na Krusty mwenyewe hata hajui kambi ikoje, aliuza jina tu. Watoto walimwamini mtu, kumbe walichouziwa ni leseni.

Ila ninayoipenda kuliko zote ni ya Februari 1994, ile ya Lisa, dada yake Bart, na mdoli wa Malibu Stacy. Umetoka mdoli mpya unaoongea, Lisa anavuta kamba ya mgongoni anategemea kusikia jambo la maana, unatoa maneno ya kuwafundisha mabinti kwamba kazi yao ni kupendeza, kufikiri wawaachie wengine. Hili halikutoka hewani. Mwaka 1992 Mattel walitoa Barbie wa kuongea na moja ya sentensi zake ilikuwa kwamba somo la hesabu ni gumu, watu wakaja juu mpaka kampuni ikaiondoa. Kwenye katuni Lisa hakuishia kulalamika, alimtafuta mama aliyembuni Malibu Stacy wa kwanza wakatengeneza mdoli wao, unaongea maneno ya akili, na habari yake ikatangazwa hadi kwenye tivii. Siku ya mauzo watoto wanakimbilia dukani mbio, wamebakiza hatua chache kuufikia mdoli wa Lisa, wenye kampuni wanasukuma katikati Malibu Stacy yuleyule wa siku zote ila safari hii kavalishwa kofia mpya. Watoto wote wanageuka. Kabinti kamoja tu ndo kananunua wa Lisa, Lisa anasema hata akifaidika mmoja inatosha, na yule mama anamwambia inatosha hasa kama huyo mmoja atalipa dola 46,000.

Nimekaa kwenye biashara hii muda mrefu na sijawahi kumsikia mtu akiieleza vizuri kuliko waandishi wale na ile kofia yao. Mwezi wa kwanza shule zinapofunguliwa natundika begi jeusi tupu pembeni ya begi lenye picha ya katuni, kitambaa ni kilekile, zipu ileile, mzigo umekuja kwenye robota moja kutoka China. La picha linazidi kwa shilingi elfu tano. Mama anashika la tupu, anavuta mikanda kuangalia kama imeshonwa mara mbili, anajaribu zipu, anauliza mwisho bei gani. Mtoto hashiki mkanda wala zipu, anaweka kiganja kwenye ile picha na hakitoi, mama akisogea mbele mtoto amebaki palepale kiganja kipo kwenye picha. Mara nyingi mama anarudi anaongeza ile elfu tano. Mwaka unaofuata begi ni hilohilo, picha ndo nyingine, na la mwaka jana ambalo bado zima linaonekana la kizamani. Kofia mpya.

Sasa Mhariri, hapa ndo penye hoja yangu. Watu walioweza kuandika ukweli ule mwaka 1994 waliufanya nini ukweli wenyewe? Waliurusha, ukapendwa, na tisheti zikaendelea kuuzwa. Kariakoo kuna wauzaji wanaokwambia wazi kaka hii sio orijino lakini itakufaa, na hao wanauza haraka kuliko anayeapa kwamba ni orijino, kwa sababu ukishaambiwa ukweli mdogo unaacha kukagua mengine. Katuni inayojicheka inafanya hivyohivyo kwa mzazi. Unaona inamsema mwenye stesheni, unaiona ni ya kwetu, inatuelewa, unalegea, na mtoto pembeni anaomba mdoli.

Tazameni ule utangulizi wa The Simpsons uliobuniwa na Banksy, msanii wa Uingereza wa michoro ya ukutani, na kurushwa tarehe 10 Oktoba 2010. Kamera inashuka chini ya ardhi kwenye karakana yenye giza, wafanyakazi wa Kiasia wamekaa safu kwa safu wanachora picha za katuni kwa mkono, mtoto anachovya michoro kwenye kemikali, paka wadogo wanaingizwa kwenye mashine wanatoka manyoya ya kujazia midoli ya Bart, na farasi mwenye pembe moja amefungwa kwenye ukuta pembe yake inatumika kutoboa tundu la katikati ya DVD mpaka anaanguka kwa uchovu, alafu mwisho kabisa nembo ya 20th Century Fox, studio iliyokuwa na katuni hiyo, imezungushiwa seng'enge. Nilipoiona mara ya kwanza nilinyamaza. Mtu mzima huwezi kuiangalia usiguswe. Lakini uchoraji wa The Simpsons ni kweli ulikuwa unafanyika Korea Kusini, kwenye studio inaitwa AKOM, na utangulizi huo wa kuwasema ulichorwa na wao wenyewe, na mwanzilishi wa studio, Nelson Shin, alilalamika wazi kwamba picha hiyo ni ya kuwaonea. Kwa hiyo waliosifiwa kwa ujasiri ni wa Marekani, waliochora ni wa Seoul, na hela ikaenda kulekule inakoendaga. Mimi hapo sioni mwenye duka aliyeguswa hata senti moja.

Na sio kwamba hawakuguswa tu, utani wenyewe uligeuka bidhaa. Julai 2007 wakati filamu ya The Simpsons inatoka, maduka 12 ya 7-Eleven, 11 Marekani na moja Kanada, yalipambwa yakawa Kwik-E-Mart, lile duka ambalo kwenye katuni linauza vitu vibovu kwa bei ya juu, na watu wakapanga foleni kununua Buzz Cola na Krusty-O's, vitu vya kwenye katuni, sasa vya kweli. Mwaka 2013 kule Orlando, kwenye bustani ya michezo ya Universal, ukafunguliwa mtaa mzima wa Springfield, ukikaa unaagiza baga ya Krusty, ileile waliyoitunga ili kuonyesha jinsi watoto wanavyolishwa uchafu kwa jina la mchekeshaji. Mwaka 2019 Disney wakainunua 21st Century Fox, kampuni mama ya studio ile, na The Simpsons ikaingia humohumo, na imekuwa ikiitania Disney miaka nenda rudi, wala utani huo haukuwazuia kununua.

Katuni nyingine za kule ni hivyohivyo. South Park mwaka 1999 waliitania biashara ya Pokémon, na mwaka 2014 wakatoa episodi nzima kuhusu magemu ya simu yanayoitwa ya bure huku yanamnyonya mtoto hela kidogo kidogo, wakaeleza hata kwa nini mtu anashindwa kuacha, ni somo zuri kwelikweli. Miaka mitatu baadae, 2017, likatoka gemu la simu la South Park lenyewe, la kupakua bure, ndani yake unanunua vitu kwa hela. Rick and Morty nao mwaka huohuo 2017 walifanya mzaha kuhusu sosi ya promosheni ya McDonald's ya mwaka 1998, McDonald's wakairudisha sosi kwa siku moja mwezi Oktoba, ikaisha, watu wazima wakagombana na wahudumu wasio na kosa lolote.

Hao lakini ni watu wazima. Mtoto je? Chama cha wanasaikolojia cha Marekani kilitoa ripoti mwaka 2004, kikundi chao kilipitia tafiti kikaona mtoto wa chini ya miaka 8 hana uwezo wa kutambua kwamba tangazo lina nia ya kumshawishi, anachukua anachoambiwa kama habari tu. Sasa kama hajui hata kwamba anauziwa, ataelewaje utani unaomcheka anayeuza? Yeye anaona Krusty ana nywele za ajabu anacheka. Anaona mdoli wa Bart anataka mdoli wa Bart, na paka wale wadogo pengine watamfanya alie usiku. Utani ule ni wa mzazi, mdoli ndo wa mtoto, na vyote viwili vinatoka mfuko mmoja. Mwandishi wenu ameviweka pamoja akasema mtoto anaerevuka, hapana, anaeerevuka ni baba aliyekaa kwenye kochi na hata yeye anaerevuka nusu tu.

Wapo waliolishika jambo hili kwa sheria badala ya utani. Jimbo la Quebec kule Kanada toka 1980 limekataza matangazo ya biashara kwa watoto wa chini ya miaka 13, Sweden toka 1991 tivii yao haitangazii watoto wa chini ya 12. Sio kwamba watoto wa huko hawana midoli, wanayo, ila kuna saa ya siku mtoto anakaa mbele ya tivii hakuna anayemvuta shati.

Sitaki nieleweke vibaya, siwachukii waandishi wa The Simpsons, nawaheshimu kuliko waandishi wengi ninaowajua. Mwandishi ana kalamu, leseni ya kuuza sura ya Bart ipo kwa mwenye kampuni, na mwandishi akisema anachokiona ametimiza sehemu yake. Kosa ni sisi kuchukua maneno ya mwandishi tukayapokea kama risiti ya mwenye kampuni, na magazeti yetu kutuandikia hivyo.

Naomba mambo mawili. Tumeni mwandishi akaangalie vituo vyetu vya tivii, ahesabu kipindi cha watoto cha jioni kina dakika ngapi za matangazo na ni ya vitu gani, soda, biskuti, juisi za unga, mchapishe kwa jina la kipindi na dakika zake, wazazi tuone wenyewe. La pili ni la kwenu ndani. Ukurasa wenu wa watoto wa Jumapili una katuni juu na chini yake kuna picha ya mnyama huyohuyo wa katuni kashika pakiti ya biskuti, na hakuna sehemu imeandikwa kwamba lile ni tangazo, binti yangu wa darasa la pili alinisomea lote kwa sauti kama hadithi inaendelea. Andikeni TANGAZO juu yake, kwa herufi kubwa ambazo mtoto wa darasa la pili anaweza kusoma, kuanzia Jumapili hii.

Ni mimi msomaji wenu,
Muuza mabegi, Kariakoo, Dar es Salaam